Alhamisi za Mama Nakuunganisha

Wazee wetu, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliokosa viti mkasimama kule ukutani, nimepewa heshima ya kusoma kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake anayemfuata, kinyozi, ambaye wengi wenu nimewahi kuwashika kichwa, na nitasoma kama dada yangu alivyotaka isomwe, maana marehemu hakuniachia nafasi ya kujibunia. Miezi michache iliyopita aliniita kitandani kwake akaniambia kwamba ananijua, nikishika mkasi au karatasi siwezi kujizuia kupamba, kwa hiyo nisimpambe, nitaje tarehe, niseme ukweli, nicheke panapochekesha, na nikifika kwenye ugonjwa nisiandike presha. Sisi wa familia hii tunajijua: kwetu kila ugonjwa wa moyoni na kichwani huitwa presha, babu alipojifungia chumbani baada ya duka kuungua tuliambiwa ni presha, shangazi alipoacha kula na kuongea ilikuwa presha, na dada alisema hiyo presha yetu imeshafunika mambo ya kutosha. Lipo pia jambo la pili aliloniagiza, nalo nitalisema likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, na mama alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa akilia kwa sauti iliyomtoa mlinzi wa kiwanda langoni kuja kuuliza kulikoni. Sauti ndiyo ilikuwa mali yake tangu siku ile. Katika uchochoro wetu mama hakuwa na haja ya kutoka kutuita jioni, alimtuma dada, dada akasimama kizingitini akaita mara moja tu, na watoto wa nyumba zote wakarudi makwao, hata ambao hawakuitwa. Mimi nikipita leo penye harufu ya sabuni ya kufulia bado nageuka nyuma, nikidhani naitwa nikaoge.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1956, shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, na alipofaulu alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1964, akahitimu kidato cha nne mwezi Novemba 1967. Hesabu haikuwa rafiki yake na hakuwahi kusingizia kwamba ilikuwa, lakini kila asubuhi ni yeye aliyesimama kwenye ngazi za ukumbi kusoma matangazo ya siku, na mwalimu mkuu alizoea kusema kwamba msichana huyu hata akitangaza adhabu mtu anaipokea kama zawadi.

Tarehe 6 Januari 1969 aliajiriwa na idara ya simu kuwa opereta, akapewa kiti kirefu katika chumba cha ghorofa ya pili ya jengo la posta, na kwa kuwa vijana wa leo wanadhani simu zilianzia mfukoni, nieleze kidogo. Palikuwa na ubao mkubwa ukutani wenye matundu mengi, kila tundu ni simu ya mtu, na waya zenye ncha za shaba, na wasichana wamekaa safu moja wamevaa visikizi kichwani, mtu akiinua simu yake taa ndogo inawaka, opereta anachomeka waya, anauliza unamtaka nani, kisha anachomeka upande wa pili na kusema, nakuunganisha, usikate. Mji mzima ulimjua kwa maneno hayo, na ndiyo maana wakubwa kwa wadogo wakamwita Nakuunganisha, na alipozaa akawa Mama Nakuunganisha, jina lake la kitambulisho likabaki la benki na la kura. Sakafu ya chumba kile ilinuka nta, dirisha lilitazama paa la soko, na mimi niliyekuwa nikimpelekea chai kwenye chupa naweza kukuchorea hata ufa uliokuwa kwenye kioo chake. Alijua nani kapata mtoto, nani kafiwa, nani anamtongoza nani, na hakuna mwanadamu aliyewahi kulitoa neno hata moja kinywani mwake, nami nilijaribu sana.

Huko ndiko alikompata mume wake, au tuseme alipata kwanza sauti yake. Shemeji yetu alikuwa fundi wa laini, kazi yake kupanda nguzo, kutengeneza waya uliokatika, kisha akiwa bado juu ya nguzo kuchomeka kwenye waya simu ya majaribio ya mafundi na kupiga kituoni kujaribu, na kanuni ilimtaka aseme, "Kituo, unanisikia?" na opereta ajibu, "Nakusikia vizuri, fundi." Hayo tu. Lakini mwaka 1970 laini za mji huu zikaanza kujaribiwa kuliko zilivyohitaji, nguzo nzima isiyo na mafua wala homa ikapandwa mara mbili kwa siku, hadi msimamizi wa opereta akauliza kama huyu fundi anatengeneza simu au anatengeneza harusi. Walipokutana uso kwa uso dada alishtuka, kwa kuwa alikuwa amejiandalia mwanaume mrefu, na hadi mwisho alipenda kusema kwamba sauti ilikuwa ya futi sita, mwenyewe akaja na futi zilizobaki. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1971, na kadi ya mwaliko, kwa ubishi wa bwana harusi, iliandikwa juu kabisa: unanisikia?

Mungu aliwajalia watoto watatu, mvulana wa kwanza mwaka 1973, wa pili mwaka 1976, na kitinda mimba wao, binti, mwaka 1984, ambaye alikuja wakati nguo za watoto zimeshagawiwa majirani, ikabidi zirudishwe moja moja. Niwaambie kitu kuhusu nyumba ile. Shemeji alikuwa na tabia ya kupiga simu nyumbani kila alipomaliza nguzo ya mwisho, na watoto walijua kwamba mlio wa jioni ni wa baba, wakagombania kupokea na kujibu, "Nakusikia vizuri, fundi," kisha sufuria ikabandikwa. Ukinitaka nikuonyeshe furaha ilivyo, nitakuonyesha sebule ile, makochi ya vitambaa vilivyofumwa, simu nyeusi ya mezani juu ya stuli yake, na watoto watatu wanasukumana.

Mwaka 1996 mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilifika, ubao ukang'olewa, maopereta wakatawanywa, na dada akahamishiwa mapokezi ya shule ya ufundi, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Shemeji alishatangulia kustaafu, na kwa miaka kadhaa walikaa kama vijana wawili waliotoroka shule, wakipanda mboga na kubishana juu ya redio.

Sasa nimefika kwenye ugonjwa, na kwanza si wake. Kuanzia mwaka 2007 shemeji alianza kusahau, mwanzoni vitu vya kuchekesha, plaisi yake ya kukatia waya tukaikuta kwenye friji, soksi ndani ya birika, halafu akawa anaamka na kuvaa mkanda wa kazi aende kupanda nguzo, na siku moja alikata waya wote wa televisheni akisema ni laini haramu. Madaktari waliupa jina ugonjwa wake wakasema hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Kilichomwumiza dada si plaisi wala televisheni, ni siku mume wake alipomtazama mlangoni akauliza yule mama ni nani na ametumwa na nani, na tangu hapo akimletea maji alimwaga, akimvisha shati alimpiga mikono, na shemeji akificha viatu vyake mwenyewe alisema mama yule ameviiba.

Kisha dada aligundua jambo ambalo ni wao wawili tu wangeweza kuligundua. Alikuwa dukani, akapiga simu ya mezani ya nyumbani kuuliza kama mwanawe ameshafika, shemeji ndiye aliyeinua, na badala ya ukali akasema kwa sauti ya zamani, "Kituo, unanisikia?" Dada akajibu alivyojibu maisha yake yote. Hapo ukafunguka mlango. Mke hamjui, lakini opereta anamjua. Basi ikawa kila akitaka kumwogesha au kumlisha anatoka nyuma ya nyumba, anasimama kwenye kamba ya kuanikia nguo na simu yake ya mkononi, anampigia, anamwambia, "Fundi, kuna mama anakuja na maji ya moto, ni mtu wetu, mkubalie," na shemeji anajibu, "Kama umemtuma wewe, sina neno." Dada anakata, anaingia ndani, mzee anaogeshwa bila ugomvi.

Tuliipenda sana hadithi hii. Dada mwenyewe aliisimulia kwenye harusi na vikao, watu wakashika mbavu, hasa alipofika pale shemeji alipomnong'oneza opereta kwamba humu ndani kuna mama ana uso wa kukunja, afadhali arudishwe kwao. Tukimaliza kucheka tulimwambia una moyo dada, Mungu atakulipa, wewe ndiye unayemweza, tukaaga tukaenda kulala makwetu. Nafikiri wengi humu mnazijua sifa za namna hiyo, unamvisha mtu shada la maua kumbe umemfungia mlango kwa nje. Alikuwa ananyimwa penzi la mume wake akiwa ndani ya chumba, na kulipata akiwa kwenye kamba ya nguo. Aliniambia baadaye kwamba alianza kumwonea wivu opereta.

Tarehe 17 Agosti 2011 asubuhi, jirani yetu mshonaji alisikia simu ya mezani ikilia, ikapokewa, ikakatwa, ikalia tena, akachungulia ukutani akamkuta dada amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, simu sikioni, mdomo wazi, na ndani ya nyumba shemeji anaita, "Kituo? Kituo, unanisikia?" Dada hakuwa na sauti. Haikuwa imekauka, haikuwepo. Sauti iliyokusanya watoto wa uchochoro mzima ilikuwa imeondoka, na machozi yanamtoka taratibu kama ya mtu anayemenya vitunguu, bila kwikwi, bila hata kujifuta. Mshonaji alimfunika kanga mabegani akaingia kumsimamia mgonjwa, na hilo dada hakulisahau.

Madaktari wa koo walimpima wakasema koo lake ni zima kabisa. Shangazi akashauri tuseme ni presha. Hapo ndipo tulipompata muuguzi wa afya ya akili, yule mama mwembamba aliyekaa pale karibu na nguzo, ambaye hakumuuliza dada anaumwa wapi, alimpa kalamu akamuuliza ni lini mara ya mwisho alikaa bila kumsikilizia mtu. Muuguzi alitueleza bila kuzunguka kwamba huyu ana sonona, huzuni nzito isiyoondoka yenyewe, na kwamba imetokana na kuuguza peke yake kwa miaka, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una matibabu, na sehemu ya matibabu hayo ni sisi. Mimi kinyozi nilitikisa kichwa kama mtu anayejua, nikatoa methali yangu ya kazini, kinyozi hajinyoi. Akanijibu, "Sasa nani anamnyoa?" Jioni ile ile nikawaita wanawe tukae tupange.

Ndipo ilipozaliwa Alhamisi. Dada alianza dawa na mazungumzo na muuguzi, na ikapangwa kwamba kila Alhamisi, kuanzia asubuhi hadi jioni, yeye si mke, si muuguzi wala si opereta, na sisi tutashika zamu. Zamu yangu ya kwanza nilijaribu kupiga simu kutoka kwenye kamba ya nguo kwa sauti yangu hii ya mkwaruzo, shemeji akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema opereta mpya hafai, nirudishieni wangu. Dada naye Alhamisi ya kwanza hakwenda popote, alivuka barabara akakaa kituo cha basi akiutazama mlango wake mwenyewe, ikabidi mwanawe mkubwa amfuate ampandishe basi kwa nguvu. Alhamisi zilizofuata nilimpeleka saluni ya jirani yangu msusi, ambaye yupo hapa na ameshaanza kulia. Alikalishwa, akaegemezwa kichwa kwenye sinki, akaoshwa nywele, mtu aliyewaosha wengine miaka yote, na alilala usingizi kwenye kile kiti mpaka msusi akazima redio na kuwaambia wateja wazungumze kwa kunong'ona. Mwezi Novemba, akiwa kwenye sinki lile lile, alisema, "Maji ya moto mno." Msusi alidhani ni mteja mwingine. Dada akarudia, akaomba simu, akapiga nyumbani.

Nilikuwa kwenye zamu, nikaona shemeji akiinua mkono wa simu. "Kituo, ulikuwa wapi? Laini ilikuwa mbovu." Sikusikia alichojibiwa, ila nilimwona mzee akitabasamu, akaniambia mimi, mtu asiyemjua, kwamba laini imetengenezwa.

Hakupona siku moja, na aliniagiza niseme hivyo pia, kwamba zilikuwepo wiki mbaya hata baada ya hapo, na dawa aliziendeleza, na hakuona aibu. Alimuuguza mume wake hadi alipofariki tarehe 9 Februari 2014, akiwa amemshika mkono, na Alhamisi hakuiacha hata baada ya kuwa mjane. Wengi wenu mmepitia saluni ile mkamkuta anawauliza, mnauguza nani nyumbani, na siku yenu ni ipi, na msipokuwa na jibu hakuondoka mpaka mmeipata.

Mwezi Machi 2021 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, ikagundulika kuwa moyo wake umetanuka, na kitinda mimba wake, ambaye anafanya kazi kiwanda cha mikate, alirudi nyumbani kumuuguza. Siku ya kwanza kabla hata hajafungua begi mama yake alimwuliza Alhamisi yake atafanya nini. Binti akasema atakaa na mama. Mama akamwambia basi abebe begi arudi alikotoka. Wakaelewana, binti akajiunga na timu ya netiboli ya wanawake wa kiwandani, yeye na umri wake na goti lake, na sisi tukashika zamu kama zamani, na kila Alhamisi jioni mama alidai matokeo kabla ya dawa.

Sasa ni lile jambo la pili. Tangu msiba uanze nimesikia maneno, na mimi masikio yangu ni ya kinyozi, nayasikia hata yakisemwa chini, kwamba mama alikata roho binti akirukaruka uwanjani, na kwamba mjomba mtu alikuwa na simu mkononi hakumwita. Ni kweli yote mawili. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, chumbani kwake, kama alivyotaka, baada ya kukataa kurudishwa hospitali, zamu ikiwa yangu, na mganga wa zahanati akiwa amekuja na ametuambia tuwe karibu. Pumzi ilipobadilika nilitoa simu nimpigie mpwa wangu. Dada alinyoosha mkono akaufunika mkono wangu, akasema kwa sauti ile ya ghorofa ya pili, iliyonyooka, isiyo na haraka, "Usimuunganishe. Mwache amalize mchezo." Mtu aliyeunganisha mji mzima miaka ishirini na saba, hilo ndilo neno lake la mwisho. Alikuwa ameshaniagiza mapema kwamba ikitokea Alhamisi nisimwite, na nilisome hapa mbele yenu, ili mtoto wake asije akabebeshwa kosa ambalo si kosa. Kwa hiyo, mpwa wangu, inua uso. Hukumwacha mama yako. Ulikuwa mahali alipokuweka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu moyo, na kwa namna ya pekee muuguzi aliyemtibu huzuni akatufundisha kuitaja kwa jina lake. Tunawashukuru majirani, mshonaji wetu kwanza, ambaye hakuishia kuchungulia ukutani bali aliingia ndani, pamoja na msusi na saluni yake nzima, wafanyakazi wa shule ya ufundi, wenzake binti wa kiwanda cha mikate, na ninyi akina mama wanne mliokaa safu moja pale mbele, mmenyoosha migongo kana kwamba ubao bado uko ukutani, maopereta wenzake, mmebaki wanne, na ninyi mnajua alichokuwa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake huyu mmoja aliyebaki, asiyenyamaza.

Dada, niliyotumwa nimeyasema, na presha nimeitaja kwa kuikana tu. Matokeo hukuyasubiri safari hii: walifungwa, goti lake halijambo. Alhamisi ijayo wanacheza tena, nasi tutakwenda kumtazama. Zamu yako imeisha, dada yangu, vua visikizi, upumzike kwa amani.